Mkono Unaounga Hauvunji

Watu wa kijiji chetu wakitaka kumchokoza Tirngo Chekol, walimwekea paja la kuku lenye mfupa juu ya mkate wake wa injera. Yeye aliitazama sahani, akamtazama mwenye nyumba, kisha akauliza, "Kuna msiba hapa mpaka mmesahau adabu?" Hapo mtu alilichukua lile paja huku akicheka, akatoa mfupa, akamrudishia nyama tupu. Kwa miaka hamsini na kitu mwanamke yule hakuvunja mfupa wa kiumbe chochote. Hakuchinja, hakupasua kichwa cha kondoo, hakutafuna hata gegedu. Kazi yake ilikuwa kuunga.

Kiapo alikirithi kwa baba yake, na baba yake kwa baba yake. Maneno yalikuwa machache: mkono unaounga hauvunji, ukivunja mara moja tu, umekufa. Nyumbani kwao walisimulia habari za babu mmoja aliyemvunja mwizi kidole sokoni kwa hasira, na tangu siku ile kila mfupa alioufunga ukapona umepinda. Mimi babu huyo sikumwona, wala simjui mtu aliyemwona, lakini Tirngo aliiamini hadithi hiyo bila kuuliza swali, na kwa tabia yake ya kuuliza maswali hilo si jambo dogo.

Chekol, baba yake, alikuwa ameomba mtoto wa kiume. Mungu akampa mabinti wanne na masikio ya kusikia vicheko vya majirani. Kati ya hao wanne, Tirngo ndiye aliyekuwa na vidole. Akiwa na miaka minane alianza kuwekwa kando ya baba yake, mkono wake mdogo ukilazwa juu ya mkono wa mzee wakati unafanya kazi. Wapanda farasi hawakupenda.

"Chekol, ndiyo mambo gani haya? Mimi nishikwe bega na kitoto cha kike?"

"Ungebaki juu ya farasi usingeshikwa na mtu," mzee alijibu. "Nyamaza, pumua."

Kwetu milimani mwanamume bila farasi ni kama nyumba bila mlango. Kila mwaka sikukuu ya Mtakatifu Giorgis inapokaribia, farasi wanavishwa mashada mekundu, mbio zinaanza, na watu wanaanza kuanguka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu huvunjika mtulinga. Mtu akidondoka hutanguliza mkono au bega, na kishindo chote cha ardhi hupanda mkononi kikitafuta pa kupita. Kinakutana na mfupa mmoja mwembamba uliolala pale chini ya shingo, kutoka kidarini hadi ncha ya bega. Ndio huo peke yake unaouunganisha mkono na kiwiliwili, mfupa kwa mfupa. Bapa la bega huko nyuma limeelea tu katika nyama. Mtulinga umepinda mara mbili, mbele kisha nyuma, na pale mipindo miwili inapokutana ndipo unapokatikia.

Tirngo alijifunza mifupa yote kwa kondoo wa sikukuu, kasoro huo. Alitafuta mtulinga kwa kondoo, akatafuta kwa ng'ombe, akaenda hadi bondeni alikotupwa farasi mzee akatafuta tena, mpaka baba yake akamwonea huruma.

"Hutauona, mwanangu. Mnyama wa kukimbia hana. Miguu yake ya mbele imening'inia kwenye nyama tu, ndiyo maana anaweza kuitupa mbali. Lakini farasi hawezi kukukumbatia hata akupende vipi. Wewe unaweza kutanua mkono kando, kurusha fimbo, kumbeba mtoto ubavuni, kwa sababu ya huu hapa unaolisukuma bega mbali na kifua. Ukivunjika, bega linaanguka ndani."

Kwa hiyo mtulinga aliujua kwa watu hai tu, kwa kugusa, huku mwenyewe akipiga kelele. Na kwa mmoja aliyekufa. Vijana wetu wana ujinga wao: mtu akianguka mbele ya umati, lazima asimame na ainue fimbo juu, ili isisemwe kwamba farasi wake amemwaibisha. Tirngo alikuwa na miaka ishirini siku Denekew alipoanguka. Alisimama, akainua fimbo mara tatu kwa mkono wa bega lililovunjika, watu wakashangilia. Chini ya mtulinga hupita mshipa mkubwa wa damu wa mkono, hupita mishipa ya fahamu, na hapo hapo panaanzia pafu. Ncha ya mfupa ilikuwa imeelekea ndani. Walipomfikisha kwa Chekol mkono ulikuwa umevimba na kuwa mweusi hadi vidoleni, na jua lilipotua hatukuwa na Denekew tena.

"Umeona?" Chekol alimwambia binti yake, mwenyewe akilia waziwazi. "Mfupa huu ukitazama nje, ni wiki sita za kulalamika. Ukitazama ndani, ni kaburi."

Mzee alipofariki, Tirngo akabaki na kazi. Aliolewa, akafiwa na mume, akalea watoto wawili ambao sasa wako mjini. Mamia ya mabega yalipita mikononi mwake. Alimketisha mgonjwa kwenye kigoda, akaweka goti lake katikati ya mgongo, akavuta mabega nyuma mpaka ncha za mfupa zitazamane, akafunga kitambaa cha pamba kikipita mbele ya mabega na kuvukana mgongoni, kisha akautundika mkono shingoni. Mabanzi ya mwanzi ni ya mkono na mguu. Mtulinga haufungwi kwa banzi, na aliyemfunga mtu mtulinga kwa banzi alisikia matusi yake hadi ng'ambo ya mto. Mdomo alikuwa nao. Wanaume wenye masharubu walimwogopa kuliko farasi zao.

Sasa ifike siku yenyewe.

Ilikuwa sikukuu ya Giorgis, saa tano asubuhi, jua kali na upepo wa baridi. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani, na vumbi la farasi lilionekana kutoka mbali. Walibaki wagonjwa, vikongwe, na wanawake wa nyumba ya Gashaw, jirani wa Tirngo wa ukuta kwa ukuta. Mke wa Gashaw, Yezina, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mpango ulikuwa aende zahanati siku mbili kabla, lakini mama mkwe wake, Mantegbosh, alisema mimba ya kwanza haina haraka. Simu ilipigwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka, likakwama upande wa pili wa uwanja, kati ya farasi elfu na watu wasiosikia honi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Alikuwepo Bosena mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti laini, aliyezalisha nusu ya kijiji na kuhudhuria mafunzo ya wilaya mara mbili.

Tirngo alikaa uani akikaanga kahawa. Ndani hakuingia. Hilo nalo lilikuwa katika kiapo chao: muunga mifupa havuki kizingiti cha mzazi kabla ya siku ya saba, kwa kuwa mikono yake imeshika vilivyovunjika. Mantegbosh alikuwa mkali zaidi ya kiapo chenyewe. Alikuwa ameweka ufagio mlangoni ili jambo lieleweke.

Alisikia wanawake wakiita, "Mariamu! Mariamu!" Akasikia Bosena akisema, "Kichwa hicho, mwanangu, kichwa kimekuja." Akatabasamu, akakoroga kahawa. Kisha akasubiri kusikia kilio. Hakikuja. Kelele za kumwita Mariamu zikakatika, na kimya hicho kikamfanya aweke mwiko chini.

"Tirngo!" Sauti ya Bosena haikuwa laini tena. "Tirngo, njoo!"

"Siingii mimi, unajua."

"Kichwa kimetoka, bega limekwama! Njoo!"

Mantegbosh alitokea mlangoni, shali yake imemteleza kichwani. "Asiingie huyo! Mikono yake imeshika mifupa mibovu ya wilaya nzima!"

"Basi rudi wewe umtoe!" Bosena alimfokea kutoka ndani. Hakuna aliyewahi kumsikia Bosena akimfokea mtu.

Tirngo aliuruka ufagio. Baadaye alisema hakumbuki kuuruka.

Yezina alikuwa amelazwa chali ukingoni mwa kitanda, magoti yamebanwa hadi kifuani, kila mguu umeshikwa na mwanamke mmoja. Kichwa cha mtoto kilikuwa nje, kikubwa, nywele tele, na kilikuwa kimevutwa nyuma mpaka mashavu yakafutuka, kana kwamba kuna mtu ndani aliyekikamata. Uso ulikuwa na rangi ya kitunguu chekundu.

"Nimembana miguu hivi. Nimebonyeza juu ya kinena. Nimempigisha magoti na mikono," Bosena alisema haraka, jasho likimdondoka puani. "Nimejaribu kuutoa mkono wa nyuma, sikuufikia. Bega la mbele limenasa nyuma ya mfupa wa kinena. Haliendi mbele, halirudi." Bosena hakuwa na saa; alipima muda kwa sala ya Mariamu. "Nimeisali mara tano tangu kichwa kitoke."

"Sasa mimi unaniitia nini?"

"Mafunzoni walituambia likishindikana lote, kuna moja limebaki. Vunja mtulinga wa mtoto. Bega linajikunja, linapita."

Tirngo alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi sijui ulipo," Bosena alisema. "Kwa kitabu najua. Kwa kidole sijui. Mle ndani hakionekani kitu. Nikikosea nasukuma mfupa kwenye pafu. Wewe ungeuona hata usingizini."

"Mimi sivunji."

"Tirngo."

"Sivunji, Bosena! Unajua mimi ni nani! Niombe lingine!"

"Hakuna lingine."

Nataka nimtendee haki hapa, kwa sababu wako waliosema baadaye kwamba angeingia mara moja kama angekuwa na roho. Mikono ile ilikuwa shamba lake, na jina lake, na baba yake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Aliogopa, akasimama pale akiitazama mikono yake, na muda aliosimama ulikuwa mrefu. Bosena alianza sala ya sita kwa sauti.

Yezina ndiye aliyeinua kichwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Shangazi," alisema, "kama ni mkono wako au mwanangu, basi nakuomba mkono."

"Haya, liwalo na liwe," Tirngo akasema. "Nipe siagi. Maji kwanza, maji ya moto, halafu siagi. Nyinyi shikeni hiyo miguu. Mwanangu, hii itakuuma kuliko vyote vilivyotangulia, nitukane unavyotaka."

Alifumba macho. Wote waliokuwepo wanakumbuka hivyo, kwamba alifumba macho. Vidole viwili vilipita kando ya shingo ya mtoto, polepole, mahali ambapo palikuwa hapana nafasi hata ya uzi. Yezina alipiga ukelele mmoja na kuanza kumtukana Gashaw na farasi wake na ukoo wake wote. Vidole vikaendelea. Shingo. Mteremko wa shingo. Kisha chini ya ngozi laini, kitu kama kijiti kibichi, chembamba kuliko penseli.

Alikuwa ameshika mitulinga ya watu wazima, minene, yenye vifundo vya mivunjiko ya zamani. Huu ulikuwa mdogo hata akaona aibu. Wataalamu husema ndio mfupa wa kwanza kuanza kukomaa tumboni na wa mwisho kumaliza, mtu akiwa na zaidi ya miaka ishirini. Tirngo hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba umepinda mara mbili kama wa kila mtu, na akaufuata mpindo wa kwanza mpaka ulipokutana na wa pili.

"Sala ya saba," Bosena alisema.

Tirngo alimwona Denekew na fimbo yake juu. Akapenyeza ncha ya kidole chini ya mfupa, upande wa ndani, akaukinga, na kwa kidole kile akavuta. Hakusukuma. Alivuta kuja kwake, mbali na pafu, mbali na ule mshipa, kama mtu anayefungua kifungo kigumu cha shati. Haukuvunjika. Akavuta tena, na safari hii mwili wake wote ulikataa, mgongo ulikataa, meno yakauma ulimi.

Mfupa ulilia kidogo tu. Wengine hawakusikia chochote. Yeye aliusikia hadi kwenye kiwiko.

"Sasa sukuma! Sukuma, Yezina! Bosena, vuta chini!"

Bega lilijikunja. Likateleza chini ya mfupa wa kinena, na nyuma yake mtoto mzima akamwagika mikononi mwa Bosena, mkubwa, mzito, mlegevu, mtoto wa kiume. Hakulia. Bosena alimlaza, akamsugua mgongo kwa kitambaa, akamfuta mdomo, akampulizia pumzi mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakuna aliyemtaja Mariamu sasa. Mara ya tano mtoto alikunja uso kwa hasira, akakohoa, akalia.

Kwetu mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele saba. Wanawake walipiga viwili. Cha tatu kilikatika njiani kwa sababu Mantegbosh alikuwa amemwinamia mjukuu wake, akaona mkono wa kushoto unapepea na wa kulia umelala tu kando, hausogei.

"Huu vipi? Mbona huu haunyanyuki?" Akaugusa, mtoto akapiga ukelele. Akageuka. "Umemvunja! Tirngo, umemvunja mjukuu wangu!"

"Nimemvunja," Tirngo alisema.

Alikata kipande cha shali yake nyeupe, akaukunja mkono ule mdogo kiwiko juu ya tumbo, akaufunga kifuani, wala asikaze. Bosena alimshikia fundo. Kisha akatoka nje akakaa karibu na kahawa iliyoungua. Gari la wagonjwa lilifika kama robo saa baadaye, likawachukua mama na mtoto. Daktari aliwaangalia wote wawili, akasema aliyefunga amefunga vizuri, akawarudisha baada ya siku mbili. Mantegbosh maneno ya daktari hayakumwingia. Alichokiona amekiona.

Habari haina miguu lakini hufika kabla ya mwenye miguu. Mwaka ule walianguka wapanda farasi kumi na mmoja, na wawili walivunjika mitulinga. Tirngo aliwaona wakipita barabarani mbele ya ua wake, kichwa kimeinamia upande wa maumivu, kiwiko kimeshikwa kwa mkono mwingine. Hakuhitaji kuambiwa ni mfupa gani. Hawakugeuka. Walikwenda ng'ambo ya mto kwa mtu mmoja anayefunga mtulinga kwa banzi.

Iliuma. Kwa nini nifiche? Iliuma kuliko alivyokumbuka kuumwa na kitu tangu afiwe na mumewe. Na kilichouma zaidi ni kwamba hakuwalaani. Mama mmoja aliyekuwa hajasikia habari alimletea mtoto aliyeteguka kifundo, na Tirngo akamwambia nenda zahanati, mimi leo sijisikii vizuri. Hakuwa anaumwa popote. Aliogopa kujaribu. Jioni alikaa akikunjua na kukunja vidole, akivisikiliza, na alishindwa kujua kama vile vidole vimekufa au vimechoka tu.

Mantegbosh alimkataza kukanyaga uani kwake. Kwa hiyo kila siku Tirngo alimvizia Bosena akitoka kumwosha mtoto.

"Unanyanyuka?"

"Haunyanyuki."

"Vidole je? Ukimpa kidole anashika?"

"Sikumpa."

"Ulikwenda mafunzoni kula wali? Mpe kidole!"

Siku iliyofuata Bosena alikuja akitweta. "Anashika! Ameshika hadi nikaumia."

Kwa Tirngo mfupa ulikuwa hofu ndogo. Hofu kubwa, ambayo hakumwambia mtu, ilikuwa ile mishipa ya fahamu ipitayo hapo chini. Ingekatika, mkono ungebaki mlegevu mpaka uzeeni, na kijana asiyeweza kushika hatamu kwetu ni nani? Vidole vinashika. Basi mishipa ipo. Lakini kushika si kuinua, na Mantegbosh alikuwa amekwisha kuwatangazia watu kanisani kwamba mjukuu wake ni kilema.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, Tirngo alisikia mtu akikohoa mlangoni. Mantegbosh alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, na nyuma yake Bosena, akijifanya anapita tu.

"Fungua hicho kitambaa," Mantegbosh alisema bila salamu. "Ulifunga wewe, fungua wewe. Nataka nione kwa macho yangu, nijue nitaombea nini."

Walimlaza mtoto juu ya ngozi ya kondoo. Tirngo alilegeza fundo. Mkono ulibaki pale pale, umekunjwa juu ya tumbo, kama uliosahau kazi yake. Alipitisha kidole mtulingani na kukuta uvimbe mgumu, mkubwa kama harage. Mtoto hakulia alipobonyezwa. Hakusogeza mkono pia.

"Si niliwaambia," Mantegbosh alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa imevunjika.

Tirngo alikiinua kigoda na kukibwaga chini kwa kishindo.

Mtoto alishtuka. Mikono yote miwili iliruka juu, imetanuka kando, vidole vimefunguka, wa kushoto na wa kulia sawasawa, kisha ikajikunja tena kifuani ikikumbatia hewa. Akaanza kulia kwa ghadhabu. Mantegbosh naye akalia, akipiga mapaja yake, akimwita Mariamu na Giorgis na malaika wote aliowajua kwa majina, na pale pale, kwa kuchelewa wiki tatu, akapiga vigelegele vitano vilivyobaki.

Alipomaliza alijifuta pua kwa ncha ya shali. "Basi mkono wako haujafa. Umeunga."

Angeweza kunyamaza. Mtu mwingine angenyamaza, na kesho yake wapanda farasi wangerudi. "Mfupa wa mtoto mchanga huunga wenyewe," Tirngo alisema. "Hata ungefungwa na wewe ungeunga. Huu hauthibitishi kitu."

"Yesu! Wewe mwanamke huwezi kupokea sifa hata mara moja?"

"Sijui kama mkono upo, Mantegbosh. Nakwambia ukweli. Sijui."

Bosena alisogea karibu. Alisema kwamba mke wa Sewunet, yule wa kule juu kwenye mianzi, mimba yake ni kubwa sana, na mtoto wake wa kwanza alikufa hivi hivi, bega. Anatarajiwa karibu na Pasaka. Zahanati watamwahisha, safari hii wameapa, lakini barabara ya kule inajulikana mvua ikinyesha.

"Ikitokea, utakuja?"

Tirngo alimtazama mtoto. Alikuwa amenyamaza, anaunyonya mkono wa kulia.

"Na kama siku hiyo nimekufa? Au nimesimama tena nikiangalia viganja vyangu mpaka unafika sala ya sita?" Akashuka, akakaa chini mbele ya Bosena, akavuta shali yake pembeni, shingo na bega vikabaki wazi, mifupa imetokeza kwa uzee. "Wewe hujaapa kitu. Lete kidole."

Bosena alirudisha mkono nyuma. "Mimi si mtu wa mifupa, Tirngo. Naogopa."

"Niliogopa mimi, nikampotezea yule mtoto sala nzima. Mtulinga mzima ndani ya jeneza haumsaidii mtu. Kondoo hana wa kukufundishia, kwa hiyo tutatumia wangu. Lete."

Bosena aliinua kidole chake kinene, kikatua chini ya shingo ya Tirngo. Tirngo alikishika, akakiongoza taratibu kutoka kidarini, juu ya mpindo wa kwanza.

"Hapo ni mapema. Endelea. Hapo. Sasa nionyeshe utavutia wapi."